Kulwa na Doto Ndani ya Kompyuta Moja

Ninyi vijana mnaotengeneza simu na kompyuta pale karibu na stendi, nawasikia. Juzi nimewaletea laptopu ya mjukuu wangu. Mmoja wenu hata kifuniko hajakifungua, hajauliza ndani kuna nini, tayari ameshatoa hukumu: "Bibi, dawa ya hii ni fomati tu, tufute vyote tuanze upya." Nikamwambia baba, nirudishie mzigo wangu. Njia nzima nikawa nacheka peke yangu, watu wakadhani uzee umenipanda kichwani. Si uzee. Nilikuwa nimemkumbuka Deo.

Nimestaafu kazi hii nikiwa na magoti mabovu na mdomo mzima. Niliianza miaka ya tisini, Shinyanga mjini, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mzee Nathu. Mbele aliuza madaftari, kalamu, kaboni na mafuta ya kula, kwa sababu alisema mtu anayeandika naye lazima ale. Nyuma palikuwa na kompyuta moja, printa moja ya utepe iliyolia kama mashine ya kusaga mtama, na mimi. Chini ya meza, ndani ya boksi la karatasi, walikuwepo wanangu wawili.

Muielewe kwanza hali yangu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mapacha wanaonyonya, na mume aliyekwenda machimboni Geita kwa wiki mbili akanogewa na mashimo. Akawa anatuma salamu. Salamu hazichemki sufuriani. Kwa hiyo nilikuwa na hasira, tena si ya kupita. Ukiniambia pole, nakasirika. Usiponiambia pole, nakasirika zaidi. Mzee Nathu alinivumilia kwa sababu nilichapa haraka, na nilichapa haraka kwa sababu kila herufi nilikuwa naipiga kofi.

Mapacha kwetu Usukumani wanaitwa mabasa, na wana sheria zao. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Ukimsalimia mmoja, umsalimie na wa pili. Ukimpa huyu pipi, mwenzake naye apate, la sivyo yule aliyerukwa ataugua, na ugonjwa huo utakuhusu wewe. Mimi sheria hiyo niliitumia vizuri sana. Mteja akiingia na kuchekacheka na Kulwa, namwangalia tu, mkono wake unarudi mfukoni wenyewe. Mzee Nathu, aliyezaliwa Shinyanga na kukijua Kisukuma kuliko mimi niliyekulia bweni, naye alikuwa haruki. Akitaka kumkaripia Doto kwa kutafuna risiti, anamkaripia na Kulwa, ingawa Kulwa amelala.

Sasa, kazi kubwa iliyokuwa ndani ya kompyuta ile ilikuwa kitabu cha Bi Nyanzobe.

Bi Nyanzobe alikuwa mkunga mstaafu. Ndiye aliyenizalisha. Doto alikuja kwa miguu, wote chumbani wakaanza kuomba dua, yeye akasema, "Dua baadaye, nishikieni taa." Mtoto akatoka, akalia. Basi mama huyo aliamua kuandika yote anayoyajua kwa ajili ya wakunga wa vijijini, kwa Kisukuma, maana alisema hatari haisubiri mtu atafute kamusi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki akisema, mimi nikichapa. Msimu mzima wa pamba tulifanya hivyo. Na aliniambia tangu mwanzo, akiniita mwanangu kwa Kisukuma: "Ng'wanone, mimi nasema mara moja. Kurudia ni kazi ya kengele."

Kitabu kilipokamilika, utepe wa printa ukakauka. Ukichapa, maandishi yanatoka hafifu kama mtu anayenong'ona msibani. Utepe mpya ulikuwa uje na basi kutoka Mwanza Jumatatu asubuhi, na Jumatatu hiyo hiyo mchana Bi Nyanzobe alitakiwa awe Mhunze, wakunga wa Kishapu wamekusanyika wanamsubiri yeye na kitabu.

Mtaniuliza: kwa nini hukukiweka kwenye disketi? Swali zuri, na nimelisubiri. Disketi ni yale mabamba ya plastiki, bapa kama kigae, tuliyohifadhia kazi kabla ya hizi fleshi zenu. Nakala nilikuwa nayo, ya disketi kadhaa zinazofuatana kama mabehewa. Mabehewa hayo hayaendi moja likikosekana. Mama yake Mzee Nathu, bibi wa watu, upepo ulipozidi aliichukua moja akakazia dirisha. Jua la Shinyanga likaipika. Treni nzima ikawa imekufa, nami sikujua, kwa sababu sikuwahi kuijaribu. Likumbukeni hilo kuliko yote nitakayosema: nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini, si nakala.

Basi tengeneza nyingine, mtasema. Pale ndipo Doto alipoingia kazini. Wiki hiyo alikuwa amegundua kwamba kompyuta ina kinywa, pale disketi zinapoingilia, na kinywa kazi yake ni kulishwa. Akakilisha kipande cha kiazi kikavu, michembe ile mnayotafuna na karanga. Tulikitoa, lakini kuanzia siku hiyo kinywa kilisoma disketi bila shida na kikakataa katakata kuandika. Kila disketi, hata mpya kutoka dukani, kikadai imefungwa isiandikwe. Kwa hiyo kitabu kilikuwa ndani, na njia ya kukitolea nje haikuwepo.

Ndipo Deo akaja, Jumamosi.

Deo alikuwa fundi kutoka Mwanza, shati jeupe, mkoba wa ngozi, anapita kwenda Geita kwenye kambi ya wageni wanaopima miamba. Wageni hao ndio walioanzisha yote. Walitaka Mzee Nathu awachapie ripoti, lakini kwa Windows mpya, ile yenye rangi, si kwa DOS yetu ya skrini nyeusi. Mzee akaona mkate umepita puani, akamkamata Deo. Alikuwa na siku hiyo moja tu.

Deo akaketi, akavuta mikono ya shati, akasema, "Mama, hii mashine imechoka. Tunapiga fomati, tunaweka Windows, inakuwa mpya kama bibi harusi."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vinakwenda na maji."

"Humo kuna kitabu cha mkunga."

"Kitachapwa kingine. Wewe kanyonyeshe, mama, hapa tuachie wanaume tufanye kazi."

Sitawaandikia nilichomjibu. Nitasema tu kwamba mteja aliyekuwa ananunua kalamu aliiacha akaondoka, na Mzee Nathu alifunga mlango wa kati. Nilichukua boksi la wanangu nikaliweka juu ya kibodi. Kulwa akakaa kwenye herufi, Doto kwenye namba. Nikasema anayetaka kufomati aanze na hawa.

"Mama Kulwa," Mzee Nathu akasema kwa upole wa mtu anayezungumza na ng'ombe aliyezaa, "mimi nataka Windows. Wewe unataka kitabu. Sasa?"

"Vyote viwili. Kompyuta moja, mabasa wawili. Kila mmoja na chumba chake, na ukiwasha, unachagua unayemtaka."

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba inawezekana. Namna ya kufanya sikuijua hata chembe. Deo akacheka, lakini akacheka akiangalia chini, na mimi kicheko cha namna hiyo nakijua, nimeolewa. Nikauliza, "Una nini ndani ya mkoba?"

Kumbe alikuwa nayo. Disketi moja yenye kiprogramu kidogo cha kugawa diski bila kufuta vilivyomo. Alipewa mafunzoni, akaibeba mwaka mzima bila kuifungua, kwa sababu maelezo yake yalikuwa marefu, kwa Kiingereza, na fomati ni amri moja. Msimcheke. Fundi mvivu mmemzoea, maana mnakaa naye. Na niwaambie ukweli, Deo akishaamua kufanya kazi, alikuwa anajua. Tuliyasoma maelezo yale pamoja, yeye maneno ya kompyuta, mimi Kiingereza cha darasani, Doto akinyonya, na kila Deo alipoinua macho aliyarudisha upesi kwenye karatasi.

Nawaeleza sasa namna kazi yenyewe inavyokwenda, na msifikiri imepitwa na wakati. Majina yamebadilika, akili ni ile ile.

Diski ni nyumba moja isiyo na kuta. Vitu vimetupwa popote: kiatu jikoni, sufuria kitandani. Huwezi kujenga ukuta katikati, utapita juu ya vitu vya watu. Kwa hiyo kwanza unakagua kama sakafu ina mashimo, halafu unafagia kila kitu kwenda upande mmoja. DOS yetu ilikuwa na programu ya kufanya hivyo, na ilionyesha vijisanduku vidogo vikihama kimoja kimoja kwenye skrini. Mzee Nathu akavuta kiti. Mama yake akaja. Wakulima wawili walioingia kununua daftari wakabaki wamesimama na daftari mkononi. Watu walitazama vijisanduku vile kama wanatazama mpira. "Kile kinakwenda wapi?" "Ngoja, kimekosa nafasi." "Aaa, kimepata!"

Na wakati huo Mzee alikuwa amewasha jenereta, maana umeme wa mgao ukikatika katikati ya kufagia, umekwisha. Dumu la mafuta lilikaa miguuni pangu. Kazi ya namna hii haifanywi kwa bahati ya umeme.

Vijisanduku vikajipanga upande mmoja, vizuri, isipokuwa kimoja. Kimekaa kule mwisho kabisa wa diski, peke yake, hakitikisiki. Tukafagia tena. Hakitikisiki.

"Ni kama mama," Mzee Nathu akanong'ona. "Ukifagia, yeye hainuki kwenye kigoda."

"Nimekusikia," mama yake akasema.

Hapo Deo alitufaa. Akasema hilo ni faili ambalo ile Windows ya zamani, iliyokuwa ndani ya DOS yetu, hulitumia kuwekea mawazo yake kichwa kikijaa. Limefichwa, na halihamishwi kwa ufagio. Unalizima kule kwenye mipangilio, linaondoka lenyewe, baadaye unaliwasha tena. Akalizima. Tukafagia mara ya tatu, nusu ya diski ikawa nyeupe kama uwanja uliovunwa.

Kile kiprogramu cha kugawa kikatuuliza kama tunataka kikumbuke hali ya zamani kwenye disketi, ili ikiharibika turudi nyuma. Tungependa sana. Kinywa hakiandiki. Deo akanitazama, nikamwambia bonyeza hapana. Halafu kikauliza: ukuta uwe wapi?

Na hapo nikafanya kosa ambalo Mzungu aliyekitunga kile kiprogramu hakuliwaza. Nikasema: katikati. Nusu kwa nusu. Mabasa hawapunjwi. Deo akasema DOS ina mizigo mingi, labda iongezewe kidogo. Nikamuuliza kama yeye ndiye atakayelala na Doto akiugua. Mzee Nathu akaniunga mkono: "Nusu kwa nusu. Sitaki maneno na mabasa." Mwanamume wa Mwanza, Msukuma kama sisi, naye akanywea. Tukagawa kama watu wanaogawa kipande cha kitenge, kwa jicho kali.

Ukuta ukasimama. DOS ikabaki chumba cha C, Windows ikaingia chumba cha D kwa rundo la disketi, moja baada ya nyingine, jenereta linaunguruma. Tukazima. Tukawasha. Ikaja picha ya mawingu, ikaja rangi, ikapiga muziki. Mzee Nathu akapiga makofi.

"Na Kulwa yuko wapi?" nikauliza.

Hakuna chaguo, hakuna swali, hakuna skrini nyeusi. Doto kazaliwa, kafunga mlango nyuma yake. Mkumbuke hili nanyi, mifumo mipya yote ina tabia hii. Ikiingia inajiona iko peke yake duniani. Ndiyo maana ya zamani hutangulia, mpya hufuata, kisha unakaa na mpya unaifundisha adabu. Yetu ilihitaji mstari mmoja tu ndani ya faili lililofichwa: BootMulti=1. Deo alijua faili, mimi niliuona mstari kwenye maelezo. Baada ya hapo, ukiwasha, ukawahi kubonyeza F4, DOS ya zamani inaamka. Nikakata plasta niliyokuwa nayo ya kitovu cha watoto, nikaibandika juu ya F4, nikaandika kwa kalamu: KULWA.

Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi kama sufuria ya kijijini. Nilitaka kuibusu. Nikaingia kwenye programu ya kuchapia, nikaona jina la kitabu, nikakifungua.

Kompyuta ikasema nafasi haitoshi.

Nikajaribu tena. Haitoshi. Jina lipo, kitabu hakifunguki. Na wakati huo huo mlangoni ikasikika sauti: "Hodi humu! Mabasa wangu hawajambo?" Bi Nyanzobe. Alikuwa amekuja kuulizia kitabu, amewaletea watoto mayai mawili ya kuchemsha, moja kwa kila mmoja.

"Shikamoo mayu," yaani mama, tukasema wote, hata jenereta nadhani lilipunguza sauti.

"Marahaba. Mbona mmekaa kama mmemwangusha mtoto?"

Deo alianza kupanga disketi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nikasema mimi. Nikamweleza yote, michembe, dirisha, ukuta, nusu kwa nusu, na kwamba kitabu chake kinaonekana lakini hakitoki. Mwanamke aliyemtoa Doto kwa miguu, na mimi kitabu chake nimekifungia ndani.

Alinisikiliza huku anamenya yai. Halafu akauliza, "Nusu kwa nusu kwa nini?"

"Si mabasa, mayu?"

"Nani alikwambia mabasa wananyonya sawa?" Akacheka mpaka kiini kikamtoka mkononi. "Ng'wanone, sheria inasema wote wapewe. Kipimo hawakukwambia. Huyu Kulwa wako ni mlafi tangu siku ya kwanza. Ukimpimia sawa na mwenzake anazimia. Unamnyonyesha mpaka ashibe, basi. Huyo aliyemo humo ana njaa, mpe. Mwenzake ana nafasi?"

Deo akainua kichwa. "Ana nafasi kubwa, mama. Chumba chake karibu kitupu."

"Sasa mizigo ya Kulwa si ikalale kwa Doto? Wametoka tumbo moja, wataibiana nini?"

Mimi na Deo tukatazamana kama mbuzi wawili. Kweli kabisa. DOS ilikuwa inakiona chumba cha D vizuri. Tatizo lilikuwa dogo la aibu: nusu niliyompa Kulwa ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, na Windows, ingawa inalala D, ilikuwa imeacha viatu vyake vichache kwa C. Programu ya kuchapia huhitaji kijinafasi cha kujinyoosha kabla ya kufungua kitu. Hakikuwepo.

Tukahamisha. Kadi za harusi za miaka iliyopita, kwenda D. Michezo ya karata ya Mzee Nathu, kwenda D, yeye akiisindikiza kwa macho. Nilisubiri kila kitu kifike, nikakifungua kule kilikofika nihakikishe kizima, ndipo nikakifuta kule kilikotoka. Kwa mpangilio huo, na ukiugeuza utalia.

Nikarudi kwenye kitabu. Nikabonyeza. Kompyuta ikakoroma kidogo, diski ikakwaruza, na ukurasa wa kwanza ukafunguka, herufi nyeupe kwenye weusi, kila neno mahali pake.

"Nisomee," Bi Nyanzobe akasema.

Nikausoma mstari wa kwanza kwa sauti. Nilikuwa nimeuchapa mwenyewe mwanzoni mwa msimu, nikausahau. Kwa Kiswahili unasema hivi: *Kabla hujagusa chochote, mtoe nje kila anayekwambia haiwezekani wote wawili kupona.*

Bi Nyanzobe akamtazama Deo. Deo akatazama mlango. Akatoka, kweli, akaenda kusimama barazani na wakulima wenye madaftari, na tukamwacha huko mpaka tulipomaliza kucheka, kisha tukamwita ale yai lililobaki. Kulwa alikuwa amelala. Doto alililia hilo yai hadi jioni.

Jumatatu utepe ulifika na basi, kitabu kikachapwa, kikaenda Mhunze mchana ule ule. Bi Nyanzobe alituma neno moja, wabeja, yaani asante, na kwake lilikuwa hotuba. Mume wangu naye alikuja kurudi, baada ya pamba nyingine, akakuta nina kazi na sina hasira ya kumgawia. Nilikuwa nimeizoea kuitumia ofisini.

Kwa hiyo, vijana, laptopu ya mjukuu nimeitengeneza mwenyewe sebuleni. Ina mabasa ndani na hakuna aliyepoteza hata picha. Ninyi endeleeni. Ila siku mteja akikuletea mashine, ukasikia mdomo wako unaanza kusema "dawa ya hii ni fomati", tafadhali toka nje mwenyewe, usisubiri kutolewa.